Ng'ombe Niliyemnyoosha Pembe

Mlandege, Iringa
Januari 1959

Atupele mwanangu,

Mvua imekuzuia kwa shangazi yako, na mama yako amefungua sanduku lako katikati ya chumba hata hapana pa kukanyaga, basi mimi nimekimbilia huku barazani na kiti changu na karatasi. Sasa ni saa kumi jioni. Habari za kufua, kula, kuamka mapema na kutoazima nguo zako ovyo mama yako amekwisha kukueleza. Atakueleza tena leo, na kesho basi la Mbeya likiwa linaunguruma atakuwa bado hajamaliza. Mimi sitamwingilia kazi yake. Nina jambo moja tu, nalo nimelikawiza tangu ulipokuwa na miaka minane. Ni lile kofi nililokupiga Madibira.

Usije ukaniandikia kwamba hulikumbuki. Nakujua, una adabu za kwa mama yako huko Tukuyu, utataka kunipunguzia mzigo. Niache niubebe hadi mwisho wa barua.

Nilipopelekwa Madibira kuwa karani wa mnada wa ng'ombe, nilidhani nimetupwa. Bwana mifugo alikuja siku za mnada tu, na siku nyingine nilibaki na meza, mhuri na nzi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila ng'ombe aliyeletwa: dume au jike, rangi yake, pembe zake, alama ya moto iko paja lipi. Ukiandika "mwekundu, tumbo jeupe" mara arobaini kwa siku moja, mkono unachoka na maneno, na ndivyo nilivyoanza kuchora. Nilichukua karatasi za mnada zilizoharibika, nikageuza nyuma, nikachonga penseli.

Hakuna aliyenifundisha, na ilionekana. Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa gunia la mahindi lililowekewa miguu ya meza, miwili huku, miwili kule. Nilimtia na kope ndefu kama bibi harusi. Nilikuwa nimeshamtundika ukutani pale ofisini, nafurahi peke yangu, alipoingia Bibi Sekalinga. Unamkumbuka yule mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, mrefu, mwenye fimbo yake nyeusi? Alisimama mbele ya picha muda mrefu, nikajiandaa kusifiwa.

"Kamwene, karani," akanisalimu. "Hii ng'ombe ya nani?"

"Si ya mtu, Bibi. Ni ng'ombe tu."

"Eeh. Ndiyo maana. Mimi sijaona bado ng'ombe tu. Kila ng'ombe ana mwenyewe na ana tabia yake. Hii yako hata kusimama haijui."

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake alfajiri nikaenda zizini kwake kumwonyesha kwamba najua, nikakuta sijui. Nilimchora ng'ombe akiamka, nikamwinua miguu ya mbele kwanza kama farasi. Bibi alicheka hata akashika mti wa zizi. "Angalia sawasawa, karani, huyo mtu wako anaamka kama mlevi!" Nikaangalia. Miaka yote nimezaliwa kwenye ng'ombe, nimekunywa maziwa yao, nimemchungia baba yangu, na sikuwa nimewahi kuona kwamba ng'ombe huinua nyuma kwanza, akapiga magoti mbele kidogo kama anayesali, ndipo anasimama. Niliona haya, mwanangu, lakini ilikuwa haya tamu. Nilirudi zizini kesho yake, na kesho yake tena.

Bibi Sekalinga hakuwahi kushika penseli maisha yake, lakini kila nilichokijua nimekipata kwake. Nilijifunza kuanza na mstari wa mgongo, maana ng'ombe wote wananing'inia kwenye mgongo kama nguo kwenye kamba. Nilijifunza kwamba mnyama hakai akungojee. Unaanza kumchora ameinama, anageuka; basi unaanza mwingine pembeni ya karatasi ile ile, na mwingine, na yule wa kwanza akirudi kuinama unarudi naye. Karatasi moja inajaa ng'ombe nusu nusu saba, na mmoja ndiye anayekamilika, na siku nyingine hata huyo mmoja hapatikani. Nilipopata kile kikopo cha rangi za maji hapa Iringa, dukani kwa Mhindi, nikagundua tena kwamba huyo "mwekundu" niliyemwandika miaka mitatu hana wekundu hata kidogo. Ana udongo, ana kutu, na chini ya tumbo ana kivuli cha samawati.

Wewe ulikuwa unakaa chini karibu yangu. Kazi yako ilikuwa kushika kikombe cha maji ya kusuuzia brashi, na mara moja uliyanywa, ukatema kijani hadi mama yako akataka kunifukuza nyumbani na rangi zangu. Siku zile zilikuwa za raha. Nilikuwa sijui kama ni raha, nilidhani ni kupoteza wakati tu.

Kosa langu lilianza niliposifiwa. Watu walianza kuja ofisini kutazama. "Karani anachora ng'ombe hata unamjua kwa jina," walisema, na mzee mmoja alimtambua fahali wake aliyekufa, akavua kofia. Kichwa kikavimba. Ofisini kulikuwa na kalenda ya bwana mifugo yenye picha za ng'ombe wa Ulaya, wamenyooka kila upande kana kwamba wamepigwa pasi, nami nikaanza kuwatazama hao kuliko wale wa zizini.

Ndipo nikamchora Mwali. Bibi Sekalinga alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kwake mwenyewe baada ya mumewe kufa, na alimwita Mwali. Alikuwa mwekundu, paji jeupe, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imelala tangu utotoni, imeshuka hadi karibu na jicho. Nilitaka kumzawadia Bibi picha nzuri kuliko zote. Nilipofika kwenye pembe nikainyoosha, nikaipandisha juu ikawa sawa na mwenzake. Wewe ulikuwa na kikombe chako.

"Baba, ile pembe si imelala?"

"Tukiiacha hivyo watu watamcheka. Kwenye picha tunamtengeneza."

Ukanisogezea maji. Nilipomwonyesha Bibi, alitazama, akasema, "Mzuri," akaenda zake, hakuichukua. Nilidhani ameona aibu kupokea kitu kizuri namna ile, nikaitundika ofisini. Hakusema "ni yeye," lakini mimi niliyekuwa nimeshiba sifa sikusikia upungufu.

Sasa unajua mjane asiye na kijana wa kuchunga hufanya nini kule. Alimweka Mwali kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi, ni neno tu. Masika mawili yakapita. Binti yake Bibi akajifungua, akakosa maziwa, naye Bibi akaenda kwa shemeji kuomba Mwali wake arudishwe. Shemeji akasema Mwali alikufa zamani; huyu mwenye pembe iliyolala ni mtoto wa ng'ombe wake mwenyewe, kafanana na Mwali kwa rangi tu. Maneno yakafika baraza la jumbe. Na shemeji, ambaye alikuwa mtu mwerevu na alikuwa amepita ofisini kwangu zaidi ya mara moja, akasema mwenyewe mbele ya watu, "Karani alimchora Mwali kabla sijapewa. Picha iletwe."

Nilikwenda na picha yangu, wewe nyuma yangu, na nakuambia kweli, nilifurahi kuitwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilivaa koti.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo pale barazani, pembe yake imelala. Jumbe akashika picha, akamtazama ng'ombe, akatazama picha yenye pembe mbili zilizosimama.

"Karani, hii umechora wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ulimchora Mwali vile alivyo? Hujaongeza, hujapunguza?"

Nilikuwa na nafasi, Atupele. Hakuna aliyeniharakisha. Ningesema, "Mzee, pembe niliitengeneza," watu wangecheka kidogo, mambo yangeisha. Lakini wale ndio waliokuwa wakisema karani anachora hata unamjua kwa jina. Nikaona jina langu linaanguka pale chini mavumbini. Nikasema, "Kama alivyo."

Shemeji akapewa ng'ombe. Bibi Sekalinga hakulia wala hakubisha. Alinitazama, akasema, "Haya, karani," akaokota fimbo yake akaondoka, na hapo mjukuu wake alikuwa ananyweshwa uji mwepesi kwa kijiko.

Njiani kurudi watu walikuwa mbele yetu na nyuma yetu. Ukaniuliza, si kwa sauti kubwa, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua tu: "Baba, lakini si ulisema tunamtengeneza?" Nikakupiga kofi. Nikasema mtoto hasemi mambo ya baraza. Hukulia. Ulitangulia mbele hatua chache, na njia yote hadi nyumbani nikawa natazama mgongo wako.

Jioni ile ile ulichukua mkaa ukachora ukutani jikoni. Mwanangu, nisamehe kwa kusema hivi katika barua nzito, lakini wewe kuchora hujui, hukujua wakati ule na hujui sasa. Ng'ombe wako alikuwa na miguu mitano. Mkia wake ulikuwa mnene kama mchi. Kichwa kilikuwa cha mbuzi, kama si cha sungura. Lakini pembe moja ilikuwa imesimama na nyingine imelala hadi jichoni. Nilimwambia mama yako afute. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. "Kama mkono wako unaweza, futa mwenyewe," alisema. Nilikula kwa siku tatu nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Siku ya nne Bibi Sekalinga alipita kuomba moto. Mimi nilikuwa mlangoni, sikuwa na pa kujificha. Aliinama jikoni, akaona ukuta. Akasogea karibu, akaweka kidole juu ya ile pembe, taratibu, kama anayemshika mnyama mwenyewe.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye Mwali wangu. Nani amemleta hapa?"

Mama yako akakuonyesha wewe kwa kidevu. Bibi akakuita, akakushika kichwa, na ndipo machozi yakamtoka, yeye ambaye barazani hakutoa hata moja. Mimi nilisimama pale na picha zangu zote za rangi sita.

Baraza lililofuata nilikwenda bila koti. Nikasema pembe niliinyoosha mimi kwa kupenda uzuri, na nilipoulizwa nikadanganya kwa kuogopa aibu. Ng'ombe akarudishwa siku ile ile. Wewe ulikuwepo, umekaa na mama yako kwa wanawake, uliona yote. Lakini ngoja nikuandikie uliyoyasikia, maana kofi peke yake lisingenikalisha kwenye kiti hiki.

Jumbe aliuliza ni nini kilichonirudisha. Nikasema, "Dhamiri yangu imenisuta, mzee. Siku nane sikupata usingizi." Basi. Sikusema kwamba mtoto wangu aliniambia siku ile ile, kabla hatujafika nyumbani, nami nikampiga. Sikusema habari ya mkaa. Jumbe akasimama, akanisifu mbele ya watu wote, akasema watu wajifunze kwa karani, mtu anayejishtaki mwenyewe bila kusukumwa. Wakapiga makofi. Nikakutafuta kwa macho kule kwa wanawake, nikakuona unanitazama, halafu ukatazama chini, ukaanza kuchora chora mchangani kwa kidole.

Bibi Sekalinga alipoleta kibuyu cha maziwa, mimi nilikunywa. Wewe ulisema umeshiba.

Tangu hapo naitwa karani mkweli. Jina lile lilitangulia barabara likafika Iringa kabla yangu. Nilipochaguliwa mzee wa kanisa lilitajwa. Kwenye harusi ya binamu yako lilitajwa. Na kila likitajwa ukiwa karibu, wewe huinuka ukaenda kuongeza chai, hata kama vikombe vimejaa. Umefanya hivyo miaka tisa. Hukuniumbua hata siku moja, wala siku ile tulipogombana juu ya kwenda kwako chuoni, nilipokuambia maneno makali, na wewe ulikuwa na jibu moja ambalo lingeniangusha chini. Uliniangalia tu, ukaenda kuongeza chai.

Juzi nilimweleza mama yako kwamba nataka kukuandikia. Nilidhani nitamshangaza. Akasema, "Nilijua tangu barazani. Nilikuwa nangoja uchoke kuitwa hivyo." Kwa hiyo katika nyumba hii nilikuwa najificha kwa watu wawili, na wote wawili walikuwa wananiona.

Sasa utauliza, kama ni hivyo, mbona sikuacha kuchora? Nilijaribu. Rangi zilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Kilichonirudisha ni kuku wa jirani, yule kilema, unamkumbuka, aliyekuwa anachechemea akiingia hapa barazani kuiba mtama. Nikamchora na mguu wake vile ulivyo, nikaona mkono unatulia. Tangu wakati ule nachora hivyo: punda mwenye kidonda begani, paka mwenye sikio moja, mbuzi wa Mlandege na ukurutu wao. Wageni wananiuliza mbona sichori kitu kizuri. Lakini mimi nikikaa na mnyama saa nzima, nikamfuata mstari kwa mstari hadi kwenye kovu lake, nainuka nimefurahi, namshukuru Mungu kwa macho. Furaha hiyo nimepewa na watu wawili: mjane asiyejua kusoma, na mtoto mwenye kipande cha mkaa. Mjane nilimshukuru kabla hajafariki, nilimpelekea hata shuka. Mtoto sijamshukuru.

Unakwenda kujifunza ualimu. Sijui kitu juu ya ualimu, na hesabu zako zimenipita tangu darasa la sita, kwa hiyo sina la kukufundisha. Nitakuambia ninachokijua kwa mkono wangu tu. Siku moja mtoto atasimama darasani, mbele ya wenzake arobaini, labda na mkaguzi amekaa nyuma, akuambie, "Mwalimu, hapo umekosea." Naye atakuwa na haki. Mkono utawasha, Atupele. Nakuambia ili usije ukashtuka ukadhani wewe ni mtu mbaya. Mkono unawasha kwanza, akili inakuja baadaye inachechemea. Ungoje tu ifike.

Mvua inapungua, nasikia unaita hodi kwa nyuma na mama yako ameanza upya juu ya blanketi. Nimalize kabla hujafika huku.

Kesho wazee wa kanisa watakuja kituoni kukuaga. Mmoja wao, na wewe unajua ni nani, atakushika mkono aseme kama kawaida yake, "Huyu ndiye binti wa karani mkweli." Nimekusudia kumjibu pale pale, kabla hujapanda basi, kwamba mkweli wa nyumba hii alikuwa na miaka minane, na baba yake alimpiga kwa hilo, kisha akala sifa zake. Nimefanya mazoezi leo asubuhi nikinyoa ndevu. Lakini mimi mbele ya watu najijua, na wewe unanijua zaidi. Nikishindwa kesho, nikiguna tu na kushughulika na sanduku lako, basi barua hii iwe ushahidi wako. Umsomee umtakaye, kwa sauti, na jina langu ulitaje lote.

Nilikupiga kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe, mwanangu. Na asante.

Baba yako